Makopo Mawili ya Samawati

Mwenye binti anayefanya kazi ya vitu vidogo vya kung'aa na aisome habari hii mpaka mwisho. Na yule ambaye mikono humwasha kila akiona vitu vya mwenzake havijapangwa, huyo aisome mara mbili.

Palikuwa na mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Angalia. Jina alilopewa na wazazi wake wengi walishalisahau. Waliona hawana haja nalo, kwa kuwa mama huyu hakuweza kufungua mdomo bila neno hilo kutangulia. Angalia ngazi. Angalia, chai ya moto. Angalia yule mbwa, siku hizi ananitazama vibaya. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha mashati, upande wa vifungo, ambako kifungo kimoja cha kahawia kikishonwa kwenye shati jeupe kilitosha kurudisha boksi zima. Kiwanda kilipofungwa alitoka na vitu viwili tu, macho makali na wasiwasi.

Binti yake wa pekee aliitwa Vidole, maana tangu akiwa mgongoni alikuwa haoni uzi bila kuuvuta. Vidole aliajiriwa na mjomba wake, mwenye duka la kutoa fotokopi. Ilikuwa kazi ya kukaa kitini, feni juu ya kichwa, mshahara mwisho wa mwezi. Mama mtu alilala usingizi mzuri mwaka mzima. Kisha siku moja binti akaja nyumbani akasema ameacha. Anataka kutengeneza bangili, hereni na mikufu ya vijiwe vya kioo, na Fundi Cherehani wa nyumba ya pili ameshampa meza kwenye chumba chake cha mbele.

Mama Angalia alikaa chini. Kisha akauliza nani atanunua kioo.

Binti akamweleza, na maelezo yenyewe yalikuwa hivi. Kuna watu wanaosema kila mwezi una jiwe lake, na mtu hupenda kuvaa jiwe la mwezi aliozaliwa. Wa mwezi wa kwanza jiwe lao ni jekundu zito. Wa mwezi wa tatu lao ni samawati, rangi ya maji ndani ya glasi. Wa tano ni kijani kibichi, wa tisa buluu nzito, wa kumi na moja manjano ya asali. Mawe ya kweli, yale ya kuchimbwa ardhini, anayo sonara, na ukimuuliza bei anakutazama viatu kwanza. Lakini vipo vijiwe vya kioo vya rangi hizo hizo, vimekatwa pembe pembe na kupakwa rangi ya fedha mgongoni, mwanga ukiingia hautoki mpaka umecheza. Mama wa kawaida anaweza kumnunulia mwanawe cha mwezi wake na bado nyumbani wakala vizuri.

"Na mtu akiuliza kama ni vya kweli?"

"Nitamwambia ni kioo, mama."

"Si akiuliza. Kabla hajauliza."

"Kabla hajauliza."

Hapo mama akalegea kidogo, ila hakulegea bure. Aliweka sharti, na Fundi Cherehani akaitwa awe shahidi. Lalamiko moja tu. Siku mnunuzi mmoja atakaporudi na uso uliokunjamana, Vidole anafunga makopo yake na kurudi kwa mjomba. Mjomba naye, kwa kuwa alimjua dada yake, alikiacha kile kiti wazi, akawa anakipangusa vumbi kila asubuhi. Vidole akampa mama yake mkono kama watu wazima wanavyopeana. 

Mama Angalia mwenyewe ndiye aliyeandika tangazo la mezani, VITO VYA KIOO, kwa herufi kubwa kiasi kwamba Fundi Cherehani alisema watu watakuja na vipimo vya madirisha. Na kweli, siku ya tatu alikuja mzee mmoja na kamba yake yenye mafundo, akataka kioo cha dirisha la jikoni. Aliondoka na hereni za mke wake.

Basi kazi ikaenda. Vidole alikuwa na mkono mwepesi. Alichukua kijiti cha meno, akakitia nta nchani, akaokota kijiwe kimoja kimoja na kukilaza kwenye kikombe chake kidogo cha bati, kisha akavikunja kwa koleo vimeno vinne vya ukingo wa kikombe. Gundi ya kukauka haraka hakuigusa, kwa sababu mvuke wake hukitia kioo ukungu. Mama yake alikaa kando akikagua. Mtindo wake ulikuwa mmoja. Alichukua soksi laini ya kike, akaipitisha juu ya bangili taratibu. Soksi ikinasa, kuna kimeno kimesimama, bangili inarudi. Miezi miwili ikapita bila lalamiko, na bado kila kivuli kilichoingia mlangoni kilimpandisha roho.

Ndipo akaja Mfamasia.

Huyu alikuwa mama wa duka la dawa pale kona, mwenye miwani ya kamba na sauti ya kuamrisha. Mtu akienda kwake na kikohozi alitoka amekoma kukohoa kwa woga kabla ya kumeza kidonge. Alisema mama yake mzazi anatimiza miaka themanini Jumamosi. Wako watoto sita. Anataka mkufu wenye vijiwe sita, kuanzia kwa mtoto wa kwanza mpaka kitindamimba, kila mmoja na rangi ya mwezi wake. Kwa sonara ameshakwenda, na yaliyosemwa huko hataki kuyarudia. Anajua hiki ni kioo, na kioo kinamtosha.

Yeye ni wa pili kuzaliwa, wa mwezi wa tatu, samawati. Kitindamimba ni wa mwezi wa sita.

Vidole akatabasamu. Akamwonyesha kikopo chenye bonde ubavuni. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vya ajabu kidogo. Ndani ya nyumba, chini ya taa ndefu nyeupe, vilikuwa samawati. Ukivitoa nje kwenye jua vinageuka zambarau. Alimwambia kwamba mwezi wa sita unalo jiwe la kweli lenye tabia ya kubadilika rangi, na hiki ni kioo chenye mchezo unaofanana na huo.

Mfamasia akacheka, jambo ambalo Fundi Cherehani alisimamisha cherehani kulitazama. Mdogo wake huyo, akasema, nyumbani wanamwita Kinyonga. Mbele ya mama yao ni mpole wa kutia huruma, akivuka mlango ni mtu mwingine kabisa. "Mwekee hicho hicho. Nitawaambia wote watoke nje walione jiwe lake linavyogeuka. Mama atacheka mpaka ashike mbavu."

Alipoondoka, Mama Angalia alibaki ameshika shavu. Mfamasia asomaye maandishi ya chupa mara mbili ndiye mtu wa kulalamika kuliko wote mtaani, na sasa mkufu wake utatazamwa na ukoo mzima.

Wiki hiyo mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Mlango ulifungwa, pazia likateremshwa kuzuia manyunyu, na taa ndefu ikawaka tangu asubuhi. Kwa kawaida Vidole alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni na kijiwe kiganjani, akakitazama juani kabla ya kukifunga. Wiki hiyo jua halikuwapo.

Siku ya tatu alitoka kwenda kununua vifungio vya mkufu, akamwacha mama yake alinde meza. Na kulinda, kwa Mama Angalia, hakukuwa kukaa tu. Alipangusa. Alinyoosha koleo zikae sambamba. Akafika kwenye makopo, yale makopo madogo ya mafuta ya kujipaka ambayo Vidole alitunzia vijiwe. Akakuta mawili yana samawati. Moja limeandikwa tatu, limejaa mpaka kifuniko hakikai sawa. La pili, lile lenye bonde, halikuandikwa kitu, na lilikuwa nusu.

Angalia mtoto huyu, akasema moyoni. Kopo moja likiguswa tu litamwagika, na jirani yake lina nafasi.

Usidhani alikurupuka. Alimimina vichache vya hili na vichache vya lile kiganjani, akavisogeza chini ya taa, akavitazama kwa macho yale yale yaliyotambua kifungo cha rangi ya maziwa na cha rangi ya pembe za ndovu kwa miaka kumi na tisa. Ukubwa mmoja. Rangi moja. Alimwita Fundi Cherehani, ambaye alitazama akasema hata yeye haoni tofauti, wala haoni kwa nini anaulizwa. Basi akavimimina vyote kwenye bakuli, akavichanganya kwa kidole, akavigawa nusu kwa nusu. Vifuniko vikakaa vizuri. Siku ile Mfamasia alipoonyeshwa ule mchezo wa rangi, mama alikuwa pale pale, akisikia kila neno. Lakini alikuwa akiutazama uso wa mteja, hakutazama kopo lililoshikwa.

Vidole aliporudi, amelowa, alikuta meza inapendeza. Akamshukuru mama yake. Mama akajibu si kitu, akamkumbusha avue viatu. Jambo la makopo hakulitaja, kwa sababu kwake halikuwa jambo.

Mkufu ukakamilika siku iliyofuata chini ya taa ile ile. Soksi ilipita bila kunasa hata mara moja. Mama Angalia aliipitisha mara saba.

Jumamosi jua liliwaka kana kwamba halijawahi kuondoka. Mfamasia alikuwa amewaalika wote wawili, ili ndugu zake wamjue fundi. Mama Angalia alibeba mkoba wenye koleo, vifungio vya akiba, vikombe vya bati, makopo mawili ya samawati, uzi, sindano na vidonge vya kichwa. Vidole alimuuliza kama wanakwenda kwenye sherehe au kufungua karakana. Mama alimwambia aangalie dimbwi.

Sebule ya bibi ilikuwa imejaa. Mapazia yalikuwa yameshushwa kuzuia joto, taa ndefu inawaka ukutani. Bibi alikaa katikati na gauni jipya, miguu haifiki chini vizuri. Aliitikia kila shikamoo kwa zamu, akimuuliza kila mtu amekula. Mfamasia akamvisha mkufu mwenyewe na kumsomea vijiwe kimoja kimoja kama asomavyo dawa: huyu ni fulani, mwezi fulani, rangi fulani. Bibi akavipapasa kwa kidole, akasema watoto wake wote sita hawajawahi kukaa kimya namna hii mahali pamoja.

Mama Angalia alikuwa akisubiri neno moja tu, neno kioo. Halikuja. Akamtazama binti yake. Vidole alishafungua mdomo, lakini mlango ukafunguliwa, keki ikaingia, watu wakapiga makofi, na neno likapotea chini ya makofi.

Kisha Mfamasia akainua sauti. Akasema kijiwe cha mwisho ni cha Kinyonga, na kama alivyo mwenyewe, ndani ni hivi na nje ni vingine. Twendeni uani mkaone. Watu wakacheka. Kinyonga, jamaa mrefu mwenye meno mengi, akainama kama aliyepewa tuzo. Wakamshika bibi mkono, ukoo mzima ukafuata nyuma na vikombe vya chai.

Jua likaupiga mkufu. Wote wakainamisha shingo.

Kijiwe cha mwisho kilibaki samawati. Kilitulia kabisa. Ila cha pili kutoka juu, cha Mfamasia mwenyewe, kiligeuka zambarau mbele ya macho ya kila mtu.

 Kisha Kinyonga akakohoa kidogo. "Dada," akasema kwa adabu, "mimi hapa nimetulia. Nani kabadilika?"

Uani pakavunjika kwa kicheko. Mmoja alimwaga chai. Mfamasia peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamgeukia Vidole na kumtaka aeleze. Hakupaza sauti. Mama Angalia aliona uso ule umekunjamana sawasawa na alivyokuwa akiuona ndotoni kwa miezi miwili. Akakiona na kiti cha mjomba, kimepanguswa vumbi. Akasikia mpaka feni.

 Vidole alisema yeye alichukua kwenye kopo lenye bonde, ana hakika. 

Hapo ndipo shemeji alipojitokeza. Huyu alikuwa mume wa binti mkubwa, mtu wa tumbo na maarifa, aliyewahi kulinda mlango wa duka la sonara kwa miaka miwili na tangu hapo akajihesabu sonara. Aliinama akakishika kile kijiwe cha zambarau kwa vidole viwili, akafumba jicho moja.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Kioo hakibadiliki rangi. Mimi nimekaa na mambo haya. Kinachobadilika ni jiwe la ardhini, na bei yake hata msiulize. Hawa mafundi wamechanganyiwa mzigo, wakatupa la kweli bila kujua."

Kama ungekuwapo ungeona nyuso zilivyogeuka, hata kijiwe chenyewe hakikuzifikia kwa kugeuka. Kila mtu akataka kugusa. Hata Mfamasia, aliyejua fika alichoagiza, alikodoa macho, na ile mikunjo ya uso ikaondoka moja moja. Akamtazama Vidole kwa heshima mpya, heshima ya mtu anayehofia huenda alikuwa hajui. Jirani mmoja akauliza meza ya huyu binti iko wapi, mwingine akasema yeye mwezi wake ni huo huo wa tatu.

Mama Angalia alipumua. Lalamiko lilikuwa limekufa mbele yake bila yeye kuinua kidole. Alichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi kuliko vyote, kula keki na kunyamaza. Kwani yeye ndiye aliyesema ni jiwe? Kasema shemeji. Kesho meza ingejaa wateja, mjomba angetafuta mtu mwingine wa kukalia kile kiti, na Vidole angepona. Aligeuka kumtazama binti yake amwone anavyofurahi.

Vidole hakuwa anafurahi. Alikuwa anahesabu kimyakimya kwa midomo, kama mtu anayerudi hatua kwa hatua ndani ya chumba akitafuta alipoteleza, na hakuona alipoteleza. Kopo lenye bonde. Alikuwa na hakika.

Na mama mtu naye akaliona kopo lenye bonde. Akaliona likiwa nusu, akaliona bakuli, akakiona kidole chake mwenyewe kikikoroga. 

Pale katikati, bibi alikuwa ameufunika mkufu kwa kiganja. Furaha yote ya uso wake ilikuwa imehama. Alitazama ukuta wa uani, akatazama lango, akauliza kama limefungwa. Kisha akaomba leso. Alisema kitu kama hiki si cha kuvaa, atakifunga kwenye leso na kukiweka chini ya mashuka sandukuni, na siku Mungu akimchukua watakikuta humo. Vidole vyake vya kizee vikaanza kutafuta kifungio nyuma ya shingo.

"Bibi," akasema Mama Angalia, "usivue. Ni kioo."

Shemeji akacheka kwa upole. "Mama, hujui ulichoshika."

"Najua, shemeji. Nimekikagua mara saba kwa soksi. Ni kioo, na vyote sita ni vioo, na ilitupasa tuseme kabla ya keki. Hicho kimetengenezwa makusudi kiwandani, kimetiwa kitu ndani kinachokigeuza rangi juani. Tunavyo vingi. Tunavyo kopo zima."

"Kopo zima?" bibi akauliza.

"Kopo zima, bibi. La mafuta ya kujipaka."

Akalitoa mkobani. Akamimina kiganjani palepale juani, na kiganja kikajaa samawati na zambarau zimechanganyika kama nafaka za magunia mawili. Vidole aliziona. Akainua macho kwa mama yake, na mama akatikisa kichwa kukubali. Akawaeleza wote, bila kujificha nyuma ya mvua wala taa, kwamba binti alitenga makopo yake sawasawa na yeye ndiye aliyeyachanganya, akidhani anasaidia. Kama kuna lalamiko, alisema, mwenye lalamiko alilete kwake.

Alisubiri. Shemeji alikuwa ameanza kuitafuta sahani yake ya keki.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. Alitaka kujua kikipotea itakuwaje. Vidole akamwambia wanamwekea kingine siku hiyo hiyo. Akauliza kama anaweza kuoga nacho. La, bibi, maji yakipita nyuma ile rangi ya fedha hubanduka na kijiwe huwa cheusi, kwa hiyo akioga akivue. Lakini kwenda sokoni? Sokoni, kanisani, msikitini, kwa daktari, popote. Bibi akarudisha leso kwa mwenyewe.

"Mlikuwa mmeshanipa kazi ya ulinzi," akasema. "Na shemeji yenu angeniomba nafasi."

Safari hii kicheko kilimkuta hata shemeji, na kwa haki tuseme alicheka vizuri, mpaka tumbo likatikisika.

Mama Angalia akatoa koleo, akasema wabadilishe sasa hivi, ni kazi ya dakika mbili, cha Kinyonga kirudi kwa Kinyonga. Bibi akakataa. Akamvuta Mfamasia karibu, akamshika kidevu kama mtoto mdogo, yeye na miwani yake. Alisema huyu wa pili ndiye hubadilika kweli. Huko dukani kwake watu wanamkimbia, lakini akishavuka mlango huu akavua viatu anamwosha mama yake miguu huku akiimba. Ndugu zake hawajui kwa sababu hawapo. Na huyo mrefu mwenye meno, naye asubuhi hii kamnong'oneza kwamba anataka kuoa, basi mwacheni atulie, huenda kijiwe kimeona mbali.

Kinyonga akawa mwekundu kuliko kijiwe cha mwezi wa kwanza, maana hilo lilikuwa bado siri. Mfamasia akageukia upande wa ukuta kwa muda, akifuta miwani ambayo haikuwa na kitu. Alipogeuka alimwambia Vidole, kwa ile sauti yake ya kuamrisha, kwamba anataka hereni za kijiwe hicho hicho chenye kubadilika, na safari hii akitazame juani kabla ya kukifunga. Vidole akasema ndiyo, mama.

Walirudi kwa miguu, kipande cha keki kimefungwa kwenye karatasi. Mama Angalia hakusema angalia hata mara moja, njia nzima, na dimbwi lilikuwa palepale. Alilikanyaga. Vidole alimtazama kwa pembe ya jicho. Wote wawili walikuwa wamesikia lalamiko kwa masikio yao, na sharti ni sharti.

"Mama," akasema mwishowe, "mjomba hufungua saa mbili. Jumatatu usichelewe."

"Niende kufanya nini?"

"Lalamiko lilikuwa lako. Ulisema mwenyewe mbele ya watu. Basi kiti ni chako, na feni."

Mama Angalia alisimama katikati ya barabara. Alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Alicheka mpaka akamshika binti yake bega asianguke, na watu waliokuwa wakipita walidhani kapata mgeni kutoka mbali.

Jumapili nzima walikaa mlangoni kwenye jua, bakuli katikati yao, wakichambua kijiwe kimoja kimoja, samawati huku, zambarau kule. Mama aliyaandika makopo yote, pande zote, hata chini. Fundi Cherehani alijitolea kusaidia, akaambiwa abaki kwenye cherehani yake.

Na Jumatatu Mama Angalia alikwenda kweli kwa mjomba, saa mbili kamili. Kaka yake alipomwona akachukua kitambaa akaanza kupangusa kiti, akidhani binti anarudi. Dada mtu akamwambia aache, ampe kiti hicho mtu anayekihitaji. Yeye amekuja kutoa nakala tu. Akafungua karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, herufi kubwa, akataka nakala mia, zikatwe ndogo ndogo, moja iingie ndani ya kila pakiti itakayotoka kwenye meza ya mwanawe.

Karatasi yenyewe ilisema hivi: ANGALIA. HIKI NI KIOO. USIOGE NACHO. RANGI YAKE ITAZAME JUANI, USIITAZAME TAANI. NA MAKOPO YA MWENZAKO USIYAGUSE.